Kazi Saba Ulizozifuta

2 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, nyingi kiasi kwamba gundi ya bahasha imelalamika. Mimi mzima, meno yote yapo, mgongo upo, mdomo ndio usiseme. Hofu ni kwenu huko juu ghorofa ya nne. Mama hajambo? Magoti yake yanasemaje? Na wewe na mafaili yako ya masijala, bado mnapendana?

Uliniambia nisikupigie simu nikiwa na jambo la maana, kwa sababu kwenye simu nakuchekesha mpaka unasahau kunigombeza. Haya, karatasi hii hapa. Kaa kitako, weka chai mbali na mkono.

Nimeacha kazi ya sabuni.

Najua. Pumua kwanza. Sikufukuzwa. Miaka kumi na minne ya ufundi mitambo, sijafukuzwa hata mara moja, isipokuwa kule kwenye viatu, na yule bosi tulifukuzana, tukaagana mlangoni kwa heshima. Pale kwenye sabuni nilikuta mtambo unakata vipande vitatu sawa, cha nne kama kabari ya mlango. Mafundi watatu wenye vyeti wameupigia magoti umekataa. Mimi na darasa langu la saba nimekaa nao miezi tisa, sasa unakata kama wembe. Ukishakata kama wembe nifanye nini pale? Nikae niutazame kama televisheni? Dada, mashine ikipona, mimi ndiye naanza kuumwa. Mguu unawasha, chakula hakipiti, naanza kugombana na ukuta.

Lakini safari hii sikuja na habari mbaya peke yake. Nimeona tangazo kwenye geti la hospitali kubwa. Wanatafuta fundi mkuu wa boila, jenereta, lifti mbili, na chumba cha kufulia chenye mashine kubwa kama vifaru waliolala. Ajira ya kudumu. Na hapa usome pole pole: kazi ina nyumba. Nimeshaichungulia, mlinzi tumekuwa marafiki. Vyumba vitatu, iko chini kabisa, kizingiti kimoja tu, nimekipima kwa kiatu changu hakifiki kifundo cha mguu. Mbele kuna sementi tambarare na ukuta mfupi wa kukalia.

Mama ameshuka lini zile ngazi sabini na mbili? Nazihesabu kila nikija, hazipungui. Tangu mwezi wa tisa anaiona dunia kupitia dirisha la jikoni, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani. Kazi nyingine zote nilizitaka kwa sababu ya mashine. Hii naitaka kwa sababu ya kizingiti.

Sasa wanadai sivii iliyochapwa. Mimi nikigusa kompyuta inaomba radhi. Nichapie wewe. Andika hivi, kwa mpangilio: kiwanda cha mikate, karakana ya pampu, hoteli (chumba cha kufulia), magodoro, uchapaji, barafu, kampuni ya lifti, viatu, rangi, jenereta za kukodisha, sabuni. Kumi na moja. Timu ya mpira kamili, mimi mwenyewe kocha. Miaka na miezi nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Sehemu ya sifa zangu usijibane, weka kurasa mbili.

Mdogo wako,
Fundi wa dunia nzima


11 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nimezipokea. Gundi kweli ilichoka, barua imefika mdomo wazi, tarishi ameisoma kabla yangu, nimemwona usoni. Sisi tupo. Juzi Mama alivaa viatu, akafika ngazi ya pili, akashika chuma, akatazama chini kama mtu aliyesimama ukingoni mwa kisima. Kisha akasema, "Nimesahau kitu jikoni." Hakusahau kitu. Alikaa na viatu miguuni mpaka saa kumi.

Kwa hiyo, hiyo nyumba naitaka kuliko wewe. Ndiyo maana naomba unisikilize.

Nimekaa masijala miaka ishirini na mbili. Maombi yote ya kazi hupita mikononi mwangu yakienda kwa bosi na yakirudi, na najua yanavyosomwa. Hayasomwi. Bosi anatelemsha kalamu pembeni, penye miaka. Miaka minne, kalamu inapita. Miaka mitatu, inapita. Akikuta miezi mitano, miezi nane, mwaka, miezi sita, kalamu inasimama. Anasema, "Huyu anakimbia nini?" Faili linanirudia na mstari mwekundu. Hafiki pale unaposema uliwashinda wenye vyeti. Mdogo wangu, kazi kumi na moja si sivii, ni ratiba ya mabasi.

Na mimi pia nataka kujua, bila mzaha. Unakimbia nini? Baba alikufa anakuita Guu Njiani, akadhani utatulia ukioa. Ukaoa, mke naye akachoka kufungasha vyombo. Una miaka arobaini na moja.

Nimekuchapia. Nimeipunguza uzito kidogo ili wasichoke. Weka saini chini, penye alama ya penseli, uipeleke kwa mkono wako. Usiongeze neno.

Dada yako


20 Februari

Dada yangu, mkuu wa mafaili yote yaliyopo na yatakayokuja,

Shikamoo na pole na kazi. Mimi sijambo, isipokuwa viatu vya usaili vinanibana, nimeviazima kwa kinyozi. Mpe Mama shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako.

Sivii imefika na imekwenda. Nilitia saini barabarani juu ya mgongo wa muuza magazeti, nikaikunja, nikaipeleka. Kuisoma sikuisoma. Karatasi aliyoandika dada yangu nianze kuikagua kama polisi? Nimeona tu ni ukurasa mmoja, nikasema haya, sifa zangu kazibana, wivu huo. Wameniita! Usaili tarehe nne Machi.

Umeniuliza nakimbia nini. Nimelala na hilo swali siku tatu, lina mifupa. Nikujibu bila mzaha, ingawa mkono unaniwasha.

Sikimbii. Mimi nina sheria yangu moja. Siondoki mahali mpaka nimeacha mtu. Kila nilipoingia, kabla sijashika spana, natazama nani anaisikia mashine. Simtafuti mwenye cheti. Natafuta yule ambaye mashine ikibadilisha sauti, anageuza shingo. Hotelini alikuwa mwanamke wa kupiga pasi. Kwenye uchapaji, mfagiaji. Kwenye barafu, mlinzi wa geti, kichwa kigumu kama mali yenyewe, alinichukua mwaka na nusu. Yule wa rangi aliniudhi, miezi mitano ameshamaliza kila kitu, ikabidi niondoke sijazoea hata njia ya chooni. Kwa hiyo ile miezi mnayoihesabu na bosi wako si ya mashine wala si yangu. Ni ya vichwa vya watu.

Akishajua, mimi nikikaa pale namzibia njia. Watamwita msaidizi wa fundi mpaka azeeke. Basi naondoka. Ni kweli pia kwamba mguu huwa unawasha, siwezi kukudanganya. Lakini unaanza kuwasha siku ile anapotengeneza kitu peke yake na mimi nimesimama pembeni na mikono mitupu.

Niombee. Mwambie Mama asivue vile viatu.

Mdogo wako,
kinyozi anavitaka viatu tarehe tano


5 Machi

Dada,

Natumaini mu wazima.

Nakusimulia usaili kama ulivyokuwa. Walikaa watatu: mkuu wa utumishi, mwembamba, ana kalamu mbili mfukoni na hazifanani, muuguzi mkuu, mama wa sauti ya kuamsha wodi, na mhandisi mstaafu aliyekuja kusaidia kuuliza, akasinzia.

Muuguzi mkuu ndiye aliyeanza. "Fundi, nina mashine ya kufulia inayotaka kuhama. Ikianza kukamua inarukaruka. Imeshakata boliti mbili za sakafuni, jana imesogea shubiri nzima."

Nikamwambia, "Mama, hiyo naijua, dada yake nilikuwa naye hotelini. Boliti hazina kosa. Mnamchanganyia mablanketi na mashuka. Blanketi linakunywa maji, linakwenda kukaa upande mmoja, ngoma inazunguka kama mlevi aliyebeba gunia bega moja. Yatenganisheni leo, kesho nitazame springi za chini, moja imekufa."

Akacheka, akaandika. Mhandisi akafungua jicho. Dada, unanijua nikisikilizwa. Nikawapa ya magodoro, nikawapa ya barafu, nikawapa siku jenereta ilipozimika harusini nikaiwasha kwa mkanda wa suruali ya bwana harusi. Chumba kizima changu.

Mkuu wa utumishi akainua kidole. "Hoteli gani? Mimi hapa sioni hoteli."

Nikasema itakuwa imeruka kwenye kuchapa.

"Na magodoro yameruka? Na barafu? Hapa pana mikate miaka minne, pampu miaka mitatu, lifti mitatu, sabuni minne. Mwaka unaosema ulikuwa hotelini, karatasi yako inasema ulikuwa unatengeneza majiko ya mikate."

Nikaomba niione. Ndiyo mara ya kwanza naisoma. Nimesoma maisha yangu mbele ya watu watatu na nilikuwa simjui huyo mtu. Mtulivu kweli. Hata mimi ningemwajiri.

Akauliza, "Nani ameandika hii?"

Jina lako likaja mpaka kwenye meno. Halafu nikayaona mafaili yako, nikamwona bosi wako na kalamu yake, nikaona miaka ishirini na mbili inapigwa mstari mwekundu. Nikamuuliza, "Hapo chini saini ni ya nani?" Akasema, "Yako." Nikasema, "Basi."

Muuguzi mkuu akafunga daftari pole pole. Wameniambia watanijulisha. Tunajua maana yake.

Kazi imekwenda, na nyumba imekwenda, hilo nitalibeba. Ninachoshindwa kubeba ni saba. Nimehesabu mara mbili. Umechukua kazi saba ukazifuta, nyingine ukazivuta zizibe pengo kama mtu anayevuta shuka fupi. Yule mpiga pasi nilimfundisha akiwa na mimba ya miezi minane, amekaa juu ya ndoo. Umemfuta. Yule mlinzi wa barafu mwaka na nusu wangu wote, umemfuta. Ulidhani ni uchafu, ukanisafisha.

Mpe Mama salamu. Usimwambie bado.

Mdogo wako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu, na kama hutaki salamu zangu basi pokea za Mama, hazina kosa. Yeye hajambo. Nilimwambia yote siku ile ile. Hakunigombeza. Alisema, "Wewe ulimwogopea," kisha akasukuma sahani pembeni.

Nimekaa mwezi mzima bila kukujibu. Si kiburi. Nilikuwa njiani. Ndiyo, mimi, soma tena.

Niliomba likizo. Karani mwenzangu akaniuliza nani amekufa, kwa sababu miaka ishirini na mbili sijaomba likizo bila msiba. Nikachukua ile karatasi yako yenye miezi nyuma, nikasema, hizi saba nilizozifuta, nitazifuata kwa miguu yangu, nimwandikie mdogo wangu sivii ya kweli yenye watu wa kuulizwa na namba za simu. Nikiwa na hizo ndiyo niende hospitali.

Nikaanza hotelini. Nikauliza mpiga pasi. Wakanionyesha msimamizi wa chumba cha kufulia, mwanamke ana watu sita chini yake na funguo kiunoni. Nilipokutaja alikaa. Hakuwa na kiti karibu, akakaa juu ya ndoo, akacheka mwenyewe. Akasema, "Yupo wapi? Mwambie mtoto ana miaka tisa."

Kwenye uchapaji mfagiaji sasa ndiye anaendesha mtambo mkubwa, wino mpaka kwenye viwiko. Nilimkuta ameweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni, amefumba macho. Akanizuia kwa mkono, nisubiri. Alipomaliza akasema, "Beringi ya pili kushoto, imebakiza wiki mbili ife." Nikauliza umejuaje. Akasema, "Nimefundishwa." Kwenye barafu mlinzi wako ni fundi, ana mlinzi wake geti. Nilitetemeka pale mpaka akanivika koti lake. Magodoro pamefungwa, kufuli lina kutu. Nikataka kulia, maana ningebaki na sita. Mwenye duka la jirani akasema mtu wako amefungua karakana yake nyuma ya jengo. Wa rangi na wa jenereta nao niliwapata, wote wawili wanaongea sana, sijui wameambukizwa na nani.

Kwenye viatu yule bosi mliyefukuzana bado ana hasira. Alisema, "Nilimbembeleza abaki. Akaniambia yule dada wa kushona amejua. Kweli amejua, sina shida naye. Lakini mimi nilimtaka yeye." Hilo nakuandikia ulisome mara mbili, kwa sababu wewe unajua kuacha mtu, hujui kwamba unaacha na watu wengine.

Kila mmoja nilimuuliza, alikaa kwako muda gani? Watu wasiojuana wakanijibu jibu moja. "Mpaka nilipojua."

Nikaenda hospitali. Nikamwambia mkuu wa utumishi, aliyeandika ile ni mimi, yeye alitia saini bila kusoma. Akasema, "Anatia saini bila kusoma, hilo nalo kosa." Nikasema ni kosa la kumwamini dada yake. Akaniuliza, "Na wewe umefanya kazi wapi?" Nikasema masijala. Akangoja niendelee. Nikasema, "Basi, hapo tu. Ishirini na mbili." Akanitazama. "Miaka ishirini na mbili ya makaratasi na umedanganya mara moja?" Sikujua kama ananisifu.

Nikamwachia sivii mpya. Kumi na moja zote, na majina saba, na namba. Hakuahidi kitu. Akitaka kumwandikia bosi wangu kwamba nimeghushi, na aandike. Barua itapita masijala, nitaifungulia jalada mwenyewe.

Nisamehe, mdogo wangu. Kalamu ya bosi ilihamia mkononi mwangu sikuiona.

Dada yako


17 Aprili

Dada yangu wa pekee,

Salamu zimerudi, na gundi nimeongeza. Mimi mzima, mzima wa kupasuka. Nilikuwa nimekununia vizuri kabisa, nimepanga kununa mpaka Juni, umeniharibia. Nimesoma barua yako mara nne. Ya ndoo nimeisoma mara sita, nikatoka nje nikajifanya naona vumbi.

Mkuu wa utumishi ameniita. Mezani ana karatasi mbili, ile ya mtu mtulivu na ile yangu. Akasema, "Nimepiga simu saba. Nilitaka kuwauliza kama wewe ni mtu wa kukaa. Wote saba wameanza kwa kuniuliza mimi uko wapi."

Nikafungua mdomo kujisifu, akanizuia.

"Udanganyifu ni udanganyifu, hiyo karatasi ya kwanza itabaki kwenye faili lako. Ajira ya kudumu sikupi leo. Nakupa miezi sita ya majaribio. Ukipita, kazi na nyumba. Lakini nimeshaujua ugonjwa wako. Wewe unakaa mpaka umemfundisha mtu, halafu unapotea. Kwa hiyo sikupi msaidizi. Mashine za nguo utashika wewe, boila utashika wewe. Sitaki uniachie mtu. Nataka ukae."

Dada, nimeajiriwa sehemu kumi na moja, hakuna bosi aliyewahi kunisoma mpaka mwisho wa ukurasa. Huyu kanisoma mpaka nyuma ya karatasi. Nimetia saini. Safari hii nilisoma kila mstari, pamoja na jina la kiwanda kilichochapa fomu.

Mashine ya kufulia imetulia. Ilikuwa springi. Sijisifu, lakini mwambie kila mtu.

Mdogo wako,
fundi mkuu wa majaribio


3 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu kutoka ghorofa ya nne, ambako sasa kuna kiti kimoja mezani. Mimi sijambo, nakula nimesimama. Kufungua lile dirisha la jikoni nimeacha, ukuta wa jirani naujua.

Bado nasikia yule wa barafu akihesabu ngazi kwa sauti Jumapili ile ya kumhamisha Mama, na yeye juu ya kiti cha jikoni, amefungwa mikanda ya ngozi aliyoshona yule dada wa viatu, amekalia sponji ya yule wa magodoro, anamwambia, "Baba, punguza mwendo, mimi si barafu, siyeyuki." Wale watu wako saba kwenye ngazi. Wanne wameshika kiti, watatu wanatoa amri. Alipogusa chini alikataa mkono, akatembea hatua zake mwenyewe mpaka kwenye gari. Wewe ulikuwa unafunga godoro, hukuuona uso wake. Mimi nimeuona, nimeutunza.

Sasa nina mawili.

La kwanza, Mama ameniambia kwenye simu kwamba kuna mwanamke wa chumba cha kufulia, mnamwita Mama Mashuka, ana watoto wawili na zamu ya asubuhi, na akitoka zamu anakufuata na tochi. Mama anasema mashine ikibadilisha sauti, anageuza shingo. Nilipoweka simu nilichukua kalamu hii. Una wiki mbili tu tangu upite majaribio upewe hiyo nyumba. Mama amekaa kwenye ukuta mfupi siku kumi na tano. Umeanza, sivyo? Ukiondoka, nyumba inaondoka na kazi, na ngazi zangu bado ni sabini na mbili.

La pili naona haya kuliandika. Tangu zile siku za kutembea, masijala panabana. Nakaa kwenye kiti changu, kina umbo langu, na mguu unawasha. Juzi niliona tangazo la maktaba, wanataka mtu wa kupanga kumbukumbu za zamani. Nikafungua kompyuta kuchapa sivii. Jina, tarehe ya kuzaliwa, masijala, miaka ishirini na mbili, mwisho. Mstari mmoja. Nimechapia watu mia, yangu haijai hata kiganja. Watauliza, "Huyu aliogopa nini?"

Jibu la kwanza kwanza.

Dada yako


19 Novemba

Dada yangu,

Salamu kutoka sementi tambarare. Mama hajambo, anakusalimu, anasema ule mezani. Ameshajua zamu za wauguzi wote, na madereva wa magari ya wagonjwa wanamwamkia kwanza yeye ndipo wanaingia kwa daktari.

Nianze la pili kwa sababu la kwanza linanitoa jasho.

Mstari mmoja usiuonee haya, na usiuvute wala kuukata. Uandike ulivyo. Chini yake ongeza: "Machi mpaka Aprili, nilitembea sehemu saba, nikapata watu saba kati ya saba, mmoja nyuma ya kufuli lenye kutu." Kumbukumbu za zamani hizo, wanataka nini zaidi? Wakitaka mtu wa kumuuliza, wamwandikie mkuu wa utumishi wa hospitali. Bado anakutaja. Anasema hajawahi kuona mtu anakuja kujishtaki akiwa na kiambatisho.

Haya, la kwanza.

Ni kweli. Sikumtafuta, kaja mwenyewe. Mwezi wa saba nilikuwa chini ya mashine, nikasikia mtu anasema juu yangu, "Fundi, si hapo, ni upande wa pili." Na kweli ilikuwa upande wa pili. Ningefanyaje? Nikampa tochi. Mkuu wa utumishi alisema hanipi msaidizi, hakusema nisiangaziwe. Kufika sasa anajua springi, anajua mikanda, boila anaisoma kama saa ya ukutani. Wiki mbili zilizopita alifungua pampu na kuifunga peke yake, mimi nimesimama pembeni na mikono mitupu. Mguu ukaanza, dada. Ulianzia kisiginoni. Kuna kiwanda cha chupa wana tanuri linawasumbua, nilikuwa nimeshauliza njia.

Nikarudi nyumbani, nikamkuta Mama kwenye ukuta, viatu miguuni.

Ndiyo nikafanya kitu ambacho sijafanya maisha yangu yote. Nimemfundisha vyote, nikaficha kimoja. Kusikiliza beringi kwa bisibisi. Hicho nimekiweka mfukoni. Kila asubuhi anakuja na bisibisi, ananiuliza, "Fundi, leo utanifundisha?" Namwambia kesho. Na mimi sheria yangu unaijua, siondoki mpaka amejua. Kwa hiyo nipo. Ni wizi mdogo, nimeuona, unaninyima raha, lakini nipo.

Jana nikamlalamikia Mama, nikasema yule Mama Mashuka kila siku bisibisi, bisibisi, atanichosha. Mama akacheka mpaka akashika goti.

"Mwanangu," akasema, "alishakuchungulia ukisikiliza, hii ni wiki ya pili. Akitoka zamu anapita hapa, anaweka hiyo bisibisi kwenye bomba, ananipa nami nisikilize. Juzi ameniambia beringi ya mashine ya mwisho imebakiza mwezi mmoja."

Nimeikagua. Imebakiza mwezi mmoja, ukizidi siku nne.

"Anajua?" nikamuuliza. "Sasa ananiuliza nini?"

"Anakuuliza ili ukae."

Leo asubuhi kaja. Aproni imelowa, bisibisi mkononi, uso mkavu kabisa, hata kona ya mdomo haikucheza. "Fundi, leo utanifundisha?"

Nikamtazama. Kisigino kilikuwa kinawasha kama kimepakwa pilipili.

Nikasema, "Kesho."

Akasema, "Haya, kesho," akaenda kutenganisha mablanketi na mashuka.

Mdogo wako,
bado nipo